Kaka Yuko Njiani

Tarehe 4 Februari

Kwako kaka yangu wa pekee,

Shikamoo. Mimi na mpwa wako tu wazima, isipokuwa pua, na hiyo ni kwa sababu ya sufi. Huku kwa mama mkwe karakana ya magodoro na chumba tunacholala vimetenganishwa na pazia, na sufi haijui pazia. Asubuhi tunaipiga kwa fimbo mpaka ifumuke. Inaruka, inatua kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye nywele za mtoto. Ndiyo maana tunamwita Kinyoya. Ameanza kutembea, kaka. Anashika ukingo wa godoro, anajivuta, anaachia, halafu anakwenda kama mlevi aliyeona askari. Ungemwona ungekaa chini kwa kicheko.

Wifi hajambo? Mlango wa uani bado unalia ukifunguliwa? Na chumba changu cha uani je, panya hawajaingia kwenye kabati la mama? Ufunguo wangu ninao, nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Tangu siku ile mama alipotugawia, mmoja wako mmoja wangu, akasema nyumba hii ina watoto wawili, silali bila kuushika kwanza.

Sasa lililonifanya niandike. Unajua tangu baba Kinyoya aanguke toka kwenye lile paa alilokuwa akiezeka, huku sijaambiwa neno baya. Lakini juzi mama mkwe aliniita. Alikuwa na ile sindano ndefu ya magodoro mdomoni. Akaitoa, akasema, "Mke wa mwanangu, wewe bado kijana. Ukitaka kwenda kwenu, mlango huu hauna komeo. Ila mtoto ni wa mwanangu. Mvua zikikatika, shangazi yake atakuja kumchukua akamlee."

Nililia. Akanisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kisha akasema, "Kama una watu, waje. Mtu wa kwenu akikaa mbele yangu akasema nawachukua wote wawili, nitampa. Lakini mtoto wangu haendi na mtu asiye na mtu."

Nikamwambia ninaye kaka, na kaka atakuja. Akaniuliza, "Atakuja vipi?"

Lugha ya huku ina udhia, kaka. Sisi tunasema nakuja, basi, yameisha. Nakuja tunasema hata tukiwa tunatoka. Huku hapana. Wana neno la mtu anayetaka kuja lakini bado amekaa. Wana jingine la mtu ambaye mguu wake umeshakanyaga njia. Ukienda mahali kwa kwenda na kurudi, neno lake. Ukienda moja kwa moja, neno lake, na hilo wanalitamka polepole. Tena kuna moja marehemu mume wangu alinifundisha tukicheka, la mtu anayefika mpaka mlangoni na asiingie. Nikamwambia, mtu atoke huko atokako, afike mlangoni, asiingie, ana wazimu? Akasema hilo ni la mbwa wa jirani.

Kwa hiyo mama mkwe alipouliza atakuja vipi, nilimwambia nitakuandikia nikuulize. Nijibie wewe. Njoo unichukue, kaka. Ukae mbele yake useme sentensi moja tu, turudi nyumbani.

Kinyoya amekuchorea hapa chini. Nimemwambia ni wewe. Mimi naona ni kuku.

Mdogo wako,
Kifaranga

*

Tarehe 26 Februari

Kifaranga,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimelala kifudifudi mlangoni kwa muuza dawa, mwenyewe kafungia funguo ndani. Ananiambia fundi fanya haraka, wagonjwa wamejaa. Nikamwambia kufuli haina hofu ya mgonjwa, tena ukiipigia kelele inanuna. Basi nikawa naibembeleza kufuli huku nasoma barua yako, mpaka watu wakadhani nasoma dawa ya kufungulia.

Wifi yako mzima, anakusalimu. Mama yake naye yupo, amekuja kututembelea, miguu inamsumbua kidogo. Kuhusu panya ondoa shaka. Kwenye kabati la mama hawawezi kuingia kabisa.

Huyo mama mkwe wako nimemsikia. Mwambie wewe hukuokotwa. Mwambie una kaka, na kaka yuko njiani. Usipunguze neno wala usiongeze: yuko njiani. Kiatu kimoja nimeshavaa, natafuta cha pili. Hayo maneno yao ya mguu hapa mguu pale usinichoshe nayo. Mtu mzima akisema anakuja, anakuja. Wanataka nini tena, wanipime nyayo?

Mchoro nimeuona. Ni mimi kabisa, hasa mdomo.

Kaka yako

*

Tarehe 15 Machi

Kaka mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Kinyoya ana jino la nne na ameniuma nalo. Sufi ya mwezi huu ni mbaya, imechanganyika na mbegu, vidole vimeniota sugu. Salamu kwa wifi. Mama yake miguu imepoa? Amesharudi kwake?

Barua yako niliisoma mbele ya mama mkwe na mzee, baba yake marehemu. Mshona kingo naye alikuwepo, yule ninayekaa naye kazini, na masikio yake yote mawili. Nilisoma kwa Kiswahili kwanza, halafu nikaanza kutafsiri. Nilipofika kwenye "yuko njiani" nikakwama.

Mama mkwe akasema, "Tafsiri. Amekaa au amekanyaga?"

Nilijua, kaka. Kiatu kimoja si njia. Lakini Kinyoya alikuwa chini ya meza anamvua mzee kandambili, anamvika, anamvua. Nikamwangalia. Mdomo wangu ukafunguka ukatoa lile la mguu ulioshakanyaga njia.

Basi yamekuwa mambo! Mama mkwe aliinuka pale pale. Amempelekea habari shangazi yake Kinyoya asije kwanza. Ametoa kile kitambaa chake kizuri cha mistari ambacho hata wateja huwa hawauzii, akakikata, akashona godoro yeye mwenyewe, mishono ya karibu karibu, hakuniruhusu hata kumshikia uzi. Anasema mtu aliye njiani asikute godoro la juzi. Na mzee, kila alasiri anachukua mwavuli anakwenda kituo cha mabasi. Huku mtu ukisema amekanyaga njia, watu wanaanza kumsubiri siku hiyo hiyo. Anawatazama usoni wanaoshuka. Sura yako nimemwelezea: mrefu, pengo la mbele, anatembea kama ameibiwa.

Mshona kingo hana adabu. Kila siku ananiuliza, "Huyo kaka yako amepanda basi au amepanda konokono?" Nami namjibu, konokono wetu akifika utamwomba radhi.

Nimekusemea, kaka. Neno langu limeshaingia kwenye nyumba ya watu. Panda basi lolote. Hata ukikaa siku moja tu.

Kifaranga wako

*

Tarehe 9 Aprili

Kifaranga,

Marahaba. Hapa mvua, kazi, na mikwaruzo ya wanawake wawili ndani ya nyumba moja. Mkwe wangu bado tuko naye. Anasema chumba cha uani kina hewa nzuri, miguu imempungua uvimbe.

Safari ilikuwepo. Mfuko nilishaufunga na mlangoni nikafika. Wifi yako akaniita, akasema ameota natumbukia kisimani. Sasa mke akiota hivyo, wewe utanyanyua mguu? Nikarudisha mfuko chini ya kitanda. Halafu wezi wamezidi mtaani. Nimefunga vitasa vipya nyumba kwa nyumba, mpaka nikaona aibu, fundi mzima kwangu bado kile cha marehemu mama.

Lakini wewe nawe! Nani alikutuma useme nimeshakanyaga njia? Mimi nilisema niko njiani, sikusema niko barabarani. Dunia nzima iko njiani, Kifaranga. Daktari yuko njiani, umeme uko njiani, mshahara uko njiani, na hakuna aliyekwenda na mwavuli kuupokea. Unawapa watu wa watu maneno mazito halafu mzigo nibebe mimi.

Mwambie mzee apumzishe miguu. Safari ipo pale pale. Niko njiani.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Mei

Kaka,

Shikamoo, kama marehemu huamkiwa.

Sisi wazima. Kinyoya anasema "maji" na "hapana". Mvua inakaribia kukatika. Wengine wote hawajambo, ila wamevaa nyuso za msiba, na msiba wenyewe ni wako.

Wiki iliyopita mzee alirudi kutoka kituoni ameloa. Alikunja mwavuli, akakaa na viatu vyake, jambo ambalo hafanyi. Akasema taratibu, "Mtu hawi njiani muda wote huu akiwa hai." Hakusema kwa ubaya. Mzee huyu hajui kama kuna binadamu anayeweza kusema yuko njiani huku amekaa. Halimwingii akilini.

Mama mkwe akanigeukia. "Mke wa mwanangu, mambo ni mawili. Ama kaka yako hayupo tena duniani, ama alikuwa amekaa kwake na wewe ukaniambia amekanyaga. Lipi?"

Barua yako ya Aprili ilikuwa kifuani mwangu, imefika asubuhi ile ile, nimeisoma stoo juu ya magunia ya sufi. Nikisema umekaa, mimi mwongo, na neno la mwongo haliombi mtoto kwa mtu. Nikisema umekufa, nimekuua. Nililia tu. Kulia wao na sisi tunalia sawa. Wakachukua kilio ndiyo jibu.

Walitandika godoro lako la mistari katikati ya karakana. Majirani wakaja wakakaa juu yake. Mshona kingo, yule wa konokono, ndiye aliyelia kuliko wote, anajipiga kifua: "Nimemtania maiti! Nimemtania maiti mimi!" Mama mkwe hakulia, lakini alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Wakaniuliza, alikuwa mtu wa namna gani? Nikasema alikuwa anafungua milango. Nikawahadithia ile mvua ya mawe, tulivyokuwa tunatoka kuteka maji, ukanibeba mgongoni ukaniambia ficha uso nyuma ya kichwa changu, kichwa changu kigumu. Ukafika nyumbani damu inakutoka kwenye sikio, unacheka. Nikakulilia kweli kweli. Sijui nilikuwa namlilia nani kati yenu, yule wa mvua ya mawe au huyu wa barua.

Sasa sikiliza mama mkwe alivyosema baada ya hapo. "Huyu hana mtu tena. Asiye na mtu nitamnyang'anyaje mtoto? Kaa hapa na mwanao. Wewe usipoondoka, naye haondoki." Kwa hiyo nimempata Kinyoya na nimejipoteza mimi. Nitapiga sufi hapa mpaka nizeeke.

Lakini bado unaweza, kaka. Njoo tu. Ukitokea mlangoni watapiga kelele, watakimbia, watarudi, watakugusa. Nani atakumbuka kuuliza neno gani nilisema? Nitasema uliugua njiani. Njoo ufufuke, kaka yangu. Godoro lako halijauzwa.

Kifaranga

*

Tarehe 25 Mei

Kifaranga,

Marehemu anakujibu. Marahaba.

Nimecheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Wifi yako anauliza una nini, namwambia nasoma msiba wangu. Walikaa juu ya godoro langu? Wengi? Huyo wa konokono alijipiga kifua hasa, au aligusagusa? Watu hufa wasijue kama watu walilia, mimi nimepewa bahati.

Sasa tuache mzaha. Mambo yamejipanga yenyewe, wewe huoni tu. Mtoto unaye, pa kulala unapo, kazi unayo. Mimi nikija nitaharibu. Mzee wa watu akiniona ataanguka, na hapo utakuwa na msiba wa kweli. Acha niwe marehemu. Ni kazi nyepesi, sijawahi kupata nyingine nyepesi kama hii.

Na kwa kuwa sasa nimekufa, nitasema ambayo walio hai huona haya kusema. Chumba cha uani mkwe wangu anakitumia, na mtu mzima haondolewi chumbani. Kabati la mama liliuzwa zamani. Nilikwambia panya hawawezi kuingia, nilidanganya? Wewe uliolewa, na aliyeolewa kwao ni kule. Ule ufunguo mama alikupa kukunyamazisha. Ulikuwa unalia, na mama alikuwa mgonjwa, alitaka kelele ziishe.

Usiniandikie mara kwa mara. Barua za maiti zitakutia matatani.

Mbusu Kinyoya. Akikua mwambie mjomba wake alikuwa na kichwa kigumu.

Marehemu kaka yako

*

Tarehe 12 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kinyoya alipata homa, imepoa. Mvua zimekatika.

Barua yako nimeisoma yote. La mama na ufunguo sitalijibu.

Nimemwomba mama mkwe ruhusa niende kwetu na Kinyoya tukalione kaburi lako. Alikuwa anapima kitambaa. Akaniuliza kama kawaida yake, "Utakwenda vipi?" Nikasema lile neno la kwenda na kurudi.

Akaniangalia miguu. Aliiangalia sana, kaka, mpaka nikaona haya, nikakunja vidole. Akasema, "Neno lako la kwanza nililipokea, kaka yako akafa ndani yake. Na hili nalipokea. Mpeleke mtoto akamlilie mjomba wake." Akakata kipande cha kitambaa cha mistari, akamshonea Kinyoya kijigodoro cha safarini. Mshona kingo akanikabidhi salamu zako, nimwombee radhi kwako juu ya kaburi. Mzee amesema siku ya kurudi atakuwa kituoni.

Nimewadanganya wote watatu. Moyoni nililisema lile jingine, la moja kwa moja.

Nakuja, kaka. Ninachukua basi la mwanzo wa Julai. Sitaki chumba cha uani, mama wa wifi akae kwa raha zake. Nitalala jikoni, nitalala kibarazani. Magodoro najua kushona sasa, mtaa mzima utalala kwangu. Sikuombi uje kituoni, njia naijua. Barua hii inatangulia, mimi naifuata nyuma yake. Ninajua ukimwona Kinyoya anavyotembea, moyo wako utarudi. Mtu aliyetoka damu kwenye sikio kwa ajili yangu hawezi kwisha kabisa.

Kifaranga wako

*

Tarehe 8 Julai, mlangoni kwako

Marehemu kaka,

Leo nimeacha kuamkia.

Sisi wazima. Kinyoya amelala mapajani mwangu juu ya kijigodoro chake, ana kiatu kimoja, cha pili kimebaki kwenye basi. Nimekaa kwenye ngazi yetu. Naandikia kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwa penseli, utanisamehe mwandiko.

Tulifika mchana. Mlango umeupaka kijani, umependeza. Njia nzima nilimfundisha Kinyoya kusema "mjomba", akalishika tulipokaribia kushuka, basi lote likajua anakwenda kwa mjomba. Nilimwambia tusigonge, tutaingia kama watu wa nyumbani, tuwashtue. Nikafungua pindo, nikatoa ufunguo.

Uliingia, kaka. Uliingia mpaka shingoni kama zamani, moyo ukanitulia. Halafu haukuzunguka. Nilijaribu kwa mkono huu, nikajaribu kwa ule. Ungekataa kuingia ningesema nimekosea nyumba. Lakini wewe umebadilisha tumbo la kitasa ukaacha uso ule ule. Kazi nzuri, fundi.

Nikagonga. Pazia likasogea kidogo, likarudi.

"Nani?" Sauti ya wifi.

"Mimi, wifi. Niko na Kinyoya."

Nikasikia mnong'ono. Kisha akasema, "Mwenyewe hayupo."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri. Amekwenda huko kwenu kukuchukua. Yuko njiani." Akakohoa kidogo. "Naona mmepishana."

Kinyoya akapiga mlango kwa kiganja, akaita, "Mjomba!" Ndani kitu kikaanguka sakafuni, kikabingirika. Najua mlio wa bisibisi, kaka, nimelelewa nao. Toka chumba cha uani bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Nani huko nje?"

Na wewe ukajibu. Wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Ukasema, "Hakuna mtu, mama."

Kinyoya alicheka. Alidhani umejificha, ni mchezo. Akaita tena, na tena, akasubiri uchungulie. Ameita mpaka amelala.

Lile neno la mtu anayefika mpaka mlangoni asiingie, nililolichekea na mume wangu, leo nimelijua. Aliniambia ni la mbwa wa jirani kwa kuwa alinipenda, hakutaka nilijue mapema.

Nilimwambia mama mkwe ninakwenda na kurudi, nikidhani namdanganya. Wewe umenitoa kwenye uongo. Basi linaondoka jioni, nasi tunalipanda. Nitapiga sufi, nitamwamkia yule mama kila siku, naye ataniuliza kila kitu kwa neno lake, na nitamjibu kweli. Akisema, kaburi umeliona? Nitasema nimeliona, la kijani, limetengenezwa vizuri, halifunguki. Akisema, na kaka yako? Nitasema nilisikia kwa masikio yangu kwamba hakuna mtu. Radhi ya mshona kingo sikuiomba. Alikuwa sawa tangu mwanzo.

Ufunguo nausukuma chini ya mlango pamoja na karatasi hii. Maiti azikwe na vyake. Godoro lako la mistari analichukua Kinyoya.

Kule kituoni mzee atakuwa amesimama na mwavuli, hata kama mvua zimekatika. Alisema atakuja. Yeye akisema anakuja, anakuwa ameshakanyaga.

Mfiwa